Jinsi ya kuomba na kukamilisha upangaji upya wa makala ya magavana wa majimbo katika Wikipedia ya Kiswahili

Mkazi wa Mwanza akisikia neno "gavana" anaweza kumfikiria mtu wa aina nne. Yupo Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania, ambaye saini yake iko kwenye noti tunazobeba. Wapo magavana wa Kiingereza waliotawala Tanganyika, akina Edward Twining na Richard Turnbull. Wapo magavana wa kaunti ng'ambo ya ziwa, Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori, wanaochaguliwa na wananchi tangu 2013. Halafu yupo gavana wa jimbo katika nchi ya shirikisho kama Marekani, Nigeria au Brazil, na huyo ndiye tunayemshughulikia hapa.

"Jimbo" nalo lina mzigo wake. Kwetu jimbo ni la uchaguzi, kama Nyamagana au Ilemela. Kwa Wakatoliki ni la askofu, ndiyo maana kuna Jimbo Kuu la Mwanza. Na wazee wanakumbuka Jimbo la Ziwa la enzi ya mkoloni, ambalo makao yake yalikuwa papa hapa mjini. Makala isiyotenganisha maana hizi katika sentensi zake mbili za kwanza itavurugwa na watu wenye nia njema kabisa, kwa sababu kila msomaji ataongeza gavana anayemjua yeye.

Lini uombe, lini uhariri tu

Kusahihisha tarehe, jina lililokosewa au chama cha gavana hakuhitaji ruhusa ya mtu. Bonyeza "Hariri", rekebisha, taja chanzo, hifadhi. Ombi linahitajika pale unapotaka kubadili jina la makala, kuunganisha makala mbili, kugawa makala moja ndefu, kufuta ukurasa, au kubomoa jedwali zima na kulijenga upya. Mambo hayo yanagusa kazi ya wenzako na viungo vya kurasa nyingine, na baadhi yake hayawezekani bila mkabidhi, yaani mhariri aliyepewa na jumuiya mamlaka ya kufuta na kulinda kurasa.

Hatua ya 1: akaunti

Fungua akaunti kwa jina la mtu mmoja. Jina la klabu, shule au ofisi huleta shida, kwa sababu akaunti haitumiwi na watu wawili na jina la taasisi huonekana kama tangazo. Weka barua pepe unayoifungua kweli, maana ukisahau nywila bila barua pepe akaunti imepotea.

Mambo mawili huwakwamisha watu wa huku. La kwanza ni idadi: mtandao mmoja wa intaneti unaruhusiwa kufungua akaunti 6 tu kwa saa 24. Mkiwa kumi kwenye Wi-Fi moja ya chuo pale Malimbe, au mmeunganishwa wote na simu ya mwenzenu, wa saba atakataliwa. Fungueni akaunti nyumbani siku moja kabla, kila mtu kwa bando lake, au mwombeni mkabidhi aliyeingia kwa akaunti yake awafungulie waliobaki, kwa kuwa yeye habanwi na kikomo hicho. La pili ni kuzuiwa bila kosa. Mitandao ya simu huwapitisha wateja wengi katika anwani moja ya intaneti, kwa hiyo mharibifu mmoja akifungiwa, na wewe unafungiwa naye. Kwanza zima VPN (programu inayoficha anwani yako) kama unayo, kwani nyingi zimezuiwa moja kwa moja. Ujumbe ukiendelea kutokea, nakili namba ya zuio iliyoandikwa kwenye ujumbe huo na uiambatishe kwenye ombi la kuondolewa zuio. Bila namba hiyo hakuna anayeweza kulitafuta.

Akaunti mpya haitakuonyesha kitufe cha "Hamisha", kile cha kubadili jina la makala, siku ileile. Zikipita siku chache kinatokea chenyewe. Muda huo utumie kwenye hatua mbili zinazofuata.

Hatua ya 2: soma historia kabla ya kuandika ombi

Fungua historia ya makala na uangalie ni nani aliyeijenga na lini. Fungua pia ukurasa wa majadiliano. Huenda pendekezo lako limeshatolewa na likajibiwa. Kisha tafuta makala pacha. Kwa Kiswahili cheo kimoja kinaweza kuwa na kurasa "Gavana", "Magavana" na "Gavana wa jimbo", kila moja ikiwa na aya tatu. Ukikuta hivyo, ombi lako ni la kuunganisha, na kuandika ukurasa wa nne kutaongeza tatizo.

Hatua ya 3: ombi lenyewe

Liandike kwenye ukurasa wa majadiliano wa makala husika, chini ya kichwa kipya. Ombi zuri linataja kinachotoka, kinapokwenda, kinachobaki, sababu, na tarehe ya mwisho ya maoni. Mfano:

*Pendekezo: kugawa makala hii. Napendekeza orodha ya magavana wa Marekani itolewe hapa na kuwekwa katika makala yake, "Orodha ya magavana wa majimbo ya Marekani". Makala hii ibaki kueleza cheo chenyewe katika nchi mbalimbali. Sababu: jedwali la watu 50 limefunika maelezo, na msomaji wa simu analazimika kulipita lote kabla ya kufika sehemu ya Nigeria. Rasimu iko kwenye ukurasa wangu wa mtumiaji. Naomba maoni ndani ya siku 7.*

Maliza kwa alama nne za wimbi (~~~~), ambazo zitaweka jina lako na saa. Watu wengi husahau hapa, na ombi lisilo na sahihi hukaa bila jibu kwa sababu hakuna anayejua wa kumjibu. Wahariri wa Kiswahili ni wachache, hivyo weka pia kiungo cha ombi lako kwenye ukurasa wa Jumuiya na kwenye ukurasa wa majadiliano wa aliyeanzisha makala. Siku 7 ni muda wa haki. Ukimya baada ya hapo unakuruhusu kuendelea na mambo unayoweza kuyafanya mwenyewe. Kufuta na kuunganisha historia bado kunamsubiri mkabidhi.

Hatua ya 4: rasimu, na hapa ndipo kazi ilipo

Anzisha ukurasa mdogo chini ya jina lako, kwa mfano "Mtumiaji:JinaLako/Magavana". Hapo unaweza kukosea bila kumsumbua msomaji, na umeme ukikatika ulichokwisha kuhifadhi kipo.

Anza na tafsiri ya cheo. Usiandike kwamba gavana wa jimbo ni "mkuu wa serikali ya jimbo" kana kwamba ni hivyo kila nchi. Marekani, Nigeria, Brazil na Meksiko, ndiyo, anachaguliwa na anaongoza serikali. India gavana huteuliwa na Rais, na serikali ya jimbo inaongozwa na waziri mkuu wa jimbo. Australia gavana wa jimbo anamwakilisha Mfalme. Kwa msomaji wa Kanda ya Ziwa, sentensi moja ya kulinganisha na mkuu wa mkoa inasaidia kuliko aya nzima: mkuu wa mkoa anateuliwa na Rais na hana bunge la mkoa wake, gavana wa Nigeria amepigiwa kura na ana bunge la jimbo linaloweza kumwondoa.

Kisha idadi. Marekani ina majimbo 50. Puerto Rico, Guam, Visiwa vya Virgin, Samoa ya Marekani na Visiwa vya Mariana Kaskazini vina magavana pia, lakini ni maeneo ya Marekani na si majimbo, kwa hiyo wape jedwali lao. Washington, D.C. ina meya. Nigeria ina majimbo 36, na Abuja iko chini ya waziri. Orodha ya Nigeria yenye mistari 37 ina kosa, na kosa hilo huingia kwa urahisi.

Muhula nao una mitego. Marekani ni miaka 4, isipokuwa New Hampshire na Vermont ambako ni 2. Virginia hairuhusu gavana kushika mihula miwili mfululizo. Nigeria ni miaka 4, isiyozidi mihula miwili, na magavana wengi huapishwa 29 Mei. Lakini majimbo 8 hupiga kura nje ya ratiba hiyo: Anambra, Bayelsa, Edo, Ekiti, Imo, Kogi, Ondo na Osun. Sababu ni hukumu za mahakama zilizobatilisha matokeo, muhula ukahesabiwa upya tangu kiapo cha mshindi halali. Anambra ndiyo kipimo cha jedwali lako. Peter Obi aliingia Machi 2006 kwa hukumu, akaondolewa na bunge Novemba mwaka huohuo, naibu wake Virginia Etiaba akashika cheo, Obi akarudishwa na mahakama Februari 2007, Andy Uba akaapishwa 29 Mei, na Juni mahakama ikamrudisha Obi tena. Jedwali linalotoa mstari mmoja kwa kila mtu haliwezi kubeba habari hiyo. Toa mstari mmoja kwa kila kipindi cha madaraka.

Kwa sababu hiyohiyo, kuwa mwangalifu na namba za mfululizo. Jerry Brown anahesabiwa gavana wa 34 na wa 39 wa California, kwa kuwa aliongoza 1975 hadi 1983, kisha 2011 hadi 2019. Majimbo mengine huwahesabu makaimu, mengine hayawahesabu. Fuata hesabu ya jimbo lenyewe, au acha safu ya namba kabisa.

Safu tano zinatosha: jimbo, jina, chama, tarehe ya kuapishwa, mwisho wa muhula. Ukitaka safu zipangike kwa kubonyeza, anza jedwali kwa `{| class="wikitable sortable"`. Tarehe zilizoandikwa kwa maneno hupangwa kwa alfabeti au kwa namba ya siku, kwa hiyo 4 Januari 2019 inaweza kukaa baada ya 29 Mei 2015 au kabla yake bila mantiki. Dawa ni kuweka ndani ya kisanduku `data-sort-value="2019-01-04" |` kabla ya tarehe inayosomwa. Usahaulifu wa `|}` mwishoni humeza makala yote iliyobaki ndani ya jedwali; ukiona vyanzo vimeingia kwenye safu ya mwisho, tatizo ni hilo. Rangi za vyama ziache. Kwenye simu huzidi kuchosha macho, na msomaji asiyetofautisha rangi hapati kitu.

Lugha ya tafsiri ya mashine

Wengi huanza kwa kutafsiri makala ya Kiingereza kwa programu. Si kosa, mradi utaje kwenye muhtasari wa mabadiliko (mstari mfupi unaojazwa kabla ya kuhifadhi) kwamba umetafsiri na kutoka makala ipi, kwani leseni ya Wikipedia inadai hivyo. Lakini soma kila mstari. Programu imewahi kumfanya kaimu gavana kuwa "mwigizaji", chama cha siasa kuwa "sherehe", muhula kuwa "neno", na mgombea kuwa mtu "anayekimbia kwa ofisi". Jimbo huandikwa "hali". Baraza la wawakilishi hugeuka "nyumba". Aliyeshinda lakini hajaapishwa ni gavana mteule, na msaidizi wake ni naibu gavana; "luteni gavana" humfanya msomaji afikirie jeshi.

Epuka pia "gavana wa sasa" na "hadi leo". Andika "tangu 17 Machi 2022". Makala yenye neno "sasa" huwa ya uongo siku moja bila mtu kuigusa.

Vyanzo na picha

Kwa kila gavana, chanzo kimoja cha kiapo chake kinatosha: tovuti ya serikali ya jimbo, tume ya uchaguzi, au gazeti linaloaminika. Tuhuma za rushwa dhidi ya mtu aliye hai zisiingie bila chanzo imara, na zikiwa kesi, eleza imefikia wapi. Kuhusu picha, kazi za serikali kuu ya Marekani hazina hakimiliki, ila picha ya gavana imepigwa na serikali ya jimbo, ambako sheria ni nyingine. California na Florida kwa kawaida huziacha wazi, kwingineko usidhani. Tumia zilizopo tayari Wikimedia Commons, hifadhi ya picha huria.

Hatua ya 5: kuchapisha na kumwomba mkabidhi

Muda wa maoni ukiisha, hamisha kwa mafungu. Badiliko moja la utangulizi, moja la jedwali la Marekani, moja la Nigeria, kila moja na muhtasari wake. Ukichapisha yote kwa mkupuo, mwenzako asiyekubaliana na mstari mmoja hana njia rahisi ila kutengua yote. Unapotoa sehemu ya makala kwenda makala mpya, andika kwenye muhtasari "Imetolewa kutoka makala Gavana, historia iko huko".

Kubadili jina kufanywe kwa "Hamisha". Kunakili maandishi na kuyabandika chini ya jina jipya kunapoteza historia ya waandishi, na mkabidhi atalazimika kuirudisha. Kama jina unalolitaka tayari lina ukurasa, kitufe kitakataa. Hapo ndipo unamwandikia mkabidhi kwenye ukurasa wake wa majadiliano ukitaja majina ya kurasa zote mbili na kiungo cha majadiliano yaliyokwisha. Baada ya kuhamisha, fungua "Viungo viungavyo ukurasa huu" urekebishe maelekezo (kurasa zinazompeleka msomaji kwenye jina jingine) yanayopita kwenye jina la kati, kisha angalia kama makala bado imeunganishwa na lugha nyingine kupitia Wikidata, hazina inayounganisha makala za lugha mbalimbali.

Badiliko lako likitenguliwa, usilirudishe palepale. Uliza sababu kwenye majadiliano, na mpe aliyetengua siku kadhaa.

Weka makala kwenye maangalizi yako (orodha ya kurasa unazofuatilia), na tarehe mbili kwenye kalenda ya simu. Uchaguzi wa 3 Novemba 2026 unahusu majimbo 36 ya Marekani, lakini washindi wengi huapishwa Januari, na wa Alaska na Hawaii Desemba. Kabla ya kiapo usiguse safu ya jina. Ya pili ni 29 Mei 2027 kwa Nigeria, ukiyaacha yale majimbo 8 kama yalivyo.