Somo: Kushona pazia la sanaa la kutundikwa hadharani kwa mabaki ya vitambaa

Nimeulizwa mara nyingi mno namna tunavyoshona mapazia makubwa ya kuelimisha watu juu ya taka za pwani, na kwa kuwa jibu langu halibadiliki, ninaliandika hapa mara moja. Tafadhali lisomeni lote kabla ya kuuliza.

Hatua ya 1. Kusanya vipande kwa mafundi cherehani na mitumba isiyouzika, uvifue, uvianike.

Hatua ya 2. Tenganisha pamba na poliesta. Chomoa uzi mmoja uuchome: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, ilhali poliesta huyeyuka na kuganda kuwa punje ngumu. Vitenge vingi vya bei nafuu ni poliesta, kwa hiyo usiamini macho. Kwa kazi ya nje tunatumia pamba peke yake.

Hatua ya 3. Bitana. Hapa ndipo nilipoharibu kazi yangu ya kwanza. Nilitia bitana ya viroba vya sukari, nikiamini kwamba plastiki iliyofumwa itastahimili mvua, na kweli mvua haikuvidhuru. Jua ndilo lililovimaliza. Viroba hivyo ni vya polipropilini, ambayo isipotiwa dawa ya kukinga jua hukauka, hukatikakatika na hatimaye husagika mkononi. Baada ya miezi michache nilikuta vipande vyeupe vimetapakaa chini ya ukuta na vingine vimeshaingia mtaroni, na mtaro ule unamwaga maji yake baharini. Pazia lililosema tuilinde bahari lilikuwa linaichafua. Kwa hiyo usitumie kiroba, wala uzi uliosokotwa kwa mifuko ya plastiki, mahali penye jua. Tumia jinzi za pamba za mitumba: fumua mshono wa miguu, nyoosha, unganisha.

Hatua ya 4. Chora picha kwa chaki juu ya bitana, panga viraka, kisha shona kwa uzi wa poliesta, ambao peke yake tunauruhusu kwa sababu uzi wa pamba huoza na wa nailoni huchoka upesi juani.

Hatua ya 5. Usitundike kwa ringi za pembeni, kwa maana jinzi ikilowa huwa nzito na ringi huchana kitambaa. Kunja upindo mpana juu, kama wa pazia la dirishani, upitishe bomba ili uzito ugawanyike.

Hatua ya 6. Andika kwa nyuma tarehe ya kulishusha, na siku hiyo ulishushe.

MASWALI

Swali: Kwani viroba haviwezi kutumika kabisa? Huku kwetu vimejaa.
Jibu: Hatua ya 3 imelijibu swali hilo. Tafadhali irudie.

Swali: Ila wengine wanavitumia na kazi zao zinapendeza.
Jibu: Zinapendeza siku ya uzinduzi. Mimi ninazungumzia miezi sita baada ya hapo, na vipande vile nilivizoa kwa mikono yangu.

Swali: Shikamoo mwalimu. Je, mifuko mbadala iliyoenea baada ya katazo la mifuko ya plastiki la Juni 2019 hapa Tanzania nayo ni kitambaa? Ukiigusa ni laini.
Jibu: Marahaba mwanangu, umeuliza vizuri. Mingi ni polipropilini ileile ya kiroba, ila nyuzi zake hazikufumwa bali zimegandamizwa kwa joto. Ichome kidogo utaona inayeyuka. Ndani ya darasa, mbali na jua, itumie bila wasiwasi.

Swali: Je, vipande vidogo sana, vya upana wa vidole viwili?
Jibu: Viunganishe kwanza viwe kipande kikubwa. Hata kanga husimuliwa kuwa ilianza kwa kushona pamoja leso sita, tatu juu na tatu chini. Vinavyobaki baada ya hapo jazia mito, ila usichanganye na vya poliesta, kwa sababu huwa na joto na watoto hutoka jasho.