Papasa tena baada ya kuhasi

Wafugaji wa Molo na Njoro, mkishahasi ndama kwa Burdizzo, koleo la kubana mishipa ya korodani, msimwachilie tu malishoni mkidhani kazi imekwisha. Koleo hili halipasui ngozi, kwa hiyo kwa nje huoni kitu, na ndivyo mtu anavyoshtukia "maksai" wake amepanda mtamba wa jirani.

Siku yenyewe, sukuma mshipa wa mbegu hadi ukingoni mwa mfuko wa korodani, ubane kwa koleo, ushikilie kama sekunde 10. Mshipa huteleza kama mlenda, hivyo mwenzako aubane kwa vidole usiponyoke. Kila upande peke yake, na alama mbili za koleo zisikutane katikati: zikiungana, damu hukatika na mfuko mzima unaweza kuoza. Ganzi ya daktari wa mifugo ina gharama, lakini mnyama naye anaumia jamani.

Uvimbe wa siku chache ni kawaida. Wiki ya 4 hadi ya 6, mfunge kamba, simama nyuma kwa tahadhari, upapase. Korodani zilizokufa huwa zimesinyaa, na juu yake vidole hugusa pengo pale mshipa ulipokatika. Ukikuta moja bado imejaa kama zamani, upande huo ulikosewa, urudiwe. Usiamue kwa kutazama tu.

Na hadi hapo mtenge na mitamba, maana mbegu zilizokuwa zimeshapita njiani bado zinaweza kutia mimba.