Kupiga lipu ya chokaa kwenye kuta za Ngome Kongwe

Ngome Kongwe ilijengwa na Waarabu wa Oman baada ya Wareno kufukuzwa Unguja, ikawa gereza, na leo ni mahali pa maduka ya sanaa na matamasha. Jengo linalotumika kila siku huchakaa kila siku, na kinachotangulia kuonekana ni lipu.

Kuta hizi ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Hunywa maji ya ardhini na ya mvua, kisha huyatoa kwa upepo. Ukizipiga saruji umezifunga pumzi: chumvi hujikusanya nyuma ya lipu na kuisukuma, na lipu huanguka na uso wa jiwe. Gonga kwa mpini wa nyundo; pakilia kitupu, pameshaachia.

Chukua kwanza kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, ngoja Masika ipite, kisha ziba maji yanakotoka: paa, mfereji, mizizi ya mti. Bila hivyo utarudia kazi.

Bandua lipu mbovu kwa patasi na nyundo ndogo. Mashine ya kutoboa isiguse ukuta, matumbawe hupasuka. Piga brashi kavu mpaka unga mweupe wa chumvi upungue.

Chokaa hai, yaani iliyochomwa na bado haijaguswa na maji, huloweshwa mapema. Tia chokaa kidogo kidogo ndani ya maji, kamwe usimwagie maji juu ya chokaa; huchemka na kuruka, basi vaa miwani na glavu. Chuja, iache chini ya maji mwezi mmoja au zaidi. Changanya sehemu 1 ya chokaa na 3 za mchanga mkali, wa chembe zenye pembe. Mchanga wa pwani usiutumie hata ukikaribia kukosa mwingine: unarudisha chumvi ile ile uliyoitoa.

Rowesha ukuta, jaza mashimo kwa vipande vya mawe, kisha piga tabaka lisilozidi milimita 10. Likwaruze, liache likaze siku kadhaa, ndipo upige la pili. Tundika magunia mabichi kwa wiki nzima. Jua la mchana likilikausha haraka, litapasuka nyufa nyembamba kama nywele, na mvua itaingia humo.

Malizia kwa maji ya chokaa, mikono 3 hadi 5 myepesi. Rangi ya plastiki hufunga ukuta kama saruji. Taa na mabango ya tamasha yafungwe kwenye viungo vya chokaa kati ya mawe, kwa skrubu za shaba. Chuma kikipata kutu huvimba na kulipasua jiwe.