Lenzi haikuzi pua, ni ukaribu wako

Picha yangu ya kwanza ya kulipwa ilirudishwa. Bibi harusi aliitazama, akajishika pua, akaniuliza, "Hii ni yangu?" Nilikuwa nimempiga kwa lenzi ya milimita 24, ile inayoona eneo pana, nusu mita na kidogo kutoka usoni. Miaka miwili nzima nikailaumu ile lenzi.

Nilikuwa naionea bure. Kutoka ncha ya pua hadi sikioni ni kama sentimita 12. Ukiwa sentimita 56 kutoka puani, sikio liko 68, kwa hiyo pua inaonekana kukuzwa kuliko sikio kwa asilimia 21 hivi. Rudi nyuma hadi mita 2, tofauti inashuka mpaka asilimia 6, na uso unatulia. Ila sasa mtu kawa mdogo kwenye fremu. Hapo ndipo lenzi ya milimita 85 inapoingia: inamrudishia ukubwa uleule kwa kubana pembe ya mwono, yaani upana wa eneo linaloonekana. Kazi yake inaishia hapo. (Hesabu zangu zote ni za kamera ya fremu kamili, yaani yenye sensa, kile kipande kinachonasa mwanga, ya milimita 36 kwa 24.)

Ukibisha, weka kamera kwenye tripodi, piga kwa 24, badilisha lenzi uweke 85 bila kusogeza kitu. Kisha ikate ile picha ya 24 kwenye kompyuta hadi zilingane. Itakuwa na chenga zaidi, lakini pua, masikio na ukuta wa nyuma vitakaa vilevile.

Zoezi ninalolipenda zaidi ni hili. Msimamishe mtu, mti uwe mita 10 nyuma yake. Mpige mzima kutoka mita 2 kwa milimita 24. Halafu rudi nyuma hadi mita 10, vuta zumu mpaka 120. Mtu yuko vilevile, mti umekua mara tatu! Usidhani zumu ndiyo imeuvuta. Mwanzo mti ulikuwa mbali mara 6 kuliko mtu. Sasa ni mara 2 tu.

Kimo cha kamera nacho usikisahau. Ukimpiga mtu mzima ukiwa karibu, kamera usawa wa macho, miguu inafupika, maana iko mbali kuliko kichwa. Shusha kamera kiunoni.

Siku hizi kamera hubaki begini kwanza. Nafumba jicho moja, natembea mbele na nyuma mpaka uso na mandhari vipatane, ndipo nachagua lenzi. Chumba kikiwa kidogo, nafungua mlango na kupigia nje.