Majani ya viazi mviringo yakijikunja, anza na mbegu
Mmea ulioota kutoka kwenye mbegu yenye virusi vya kukunja majani hudumaa, na majani ya chini ndiyo hutangulia kuugua: kingo zake hujikunja kwenda juu, hukakamaa, na ukiyapapasa yanalia kama karatasi. Virusi hivi huishi ndani ya mirija inayosafirisha sukari. Mirija ikiharibika, wanga hurundikana kwenye majani, na viazi ardhini hubaki vichache na vidogo.

Yakijikunja na kupauka majani ya juu pekee, huenda vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mmea, wameleta maambukizi msimu huuhuu. Lakini fangasi wa raizoktonia naye hukunja majani ya juu, kwa hiyo fukua shina kwanza. Madonda ya kahawia chini ya udongo, au vijiazi vinavyoota kwenye makwapa ya majani, ni alama za fangasi huyo.

Wengi wakiona umanjano huongeza urea au hupiga mankozebu, dawa ya ukungu. Ni kupoteza fedha bure, kwani virusi hivi huugeuza mmea ujibomolee ulinzi wake. Seli ya mmea ina utaratibu wake wa kuondoa protini zisizotakiwa: protini hubandikwa alama ya ubikwitini, kisha proteasomu huikatakata. Protini za aina ya F-boksi ndizo zinazochagua ipi ibandikwe. Virusi vya kundi la polero, vikiwemo hivi, hutengeneza protini iitwayo P0 inayojipachika kwenye nafasi hiyo ya F-boksi na kuielekeza mitambo ya mmea dhidi ya AGO1, protini ya mmea inayokata RNA (chembe za urithi) ya virusi. Watafiti walipozuia proteasomu, AGO1 bado iliteketea. Walipozuia otofaji, njia nyingine ambayo seli humeng'enya vitu vyake, ndipo iliponusurika. Kwa vyovyote vile, uharibifu unafanywa na mitambo ya mmea wenyewe. Dawa ya ukungu haifiki huko, wala mbolea hairudishi ulinzi uliobomolewa.

Kinga iko kwenye mbegu. Anza na mbegu iliyothibitishwa ukiipata. Ukitumia yako, chagua mimea mama shambani, usisubiri kuchagua kwenye rundo baada ya kuvuna, maana kiazi kidogo kilichotoka kwenye mmea mgonjwa hufanana kabisa na kiazi kidogo kizima. Mimea inapokaribia kutoa maua, chomeka kijiti kando ya kila mmea wenye nguvu usio na dalili. Rudi baada ya wiki mbili, ung'oe vijiti vya iliyougua. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, ekari moja hubeba mimea 18,000 hivi. Mmea mama ukitoa viazi 8 vya mbegu, utahitaji kama 2,250, basi weka alama kwenye mimea 2,500. Vuna hiyo kwanza, shina moja moja. Shina lenye viazi vichache au vilivyooza, liache lote. Chukua vyenye ukubwa wa yai, milimita 35 hadi 55. Vilivyobaki vinalika bila madhara, ila visiuzwe kama mbegu.

Ng'oa maotea, yaani mimea iliyojiotea kutokana na viazi vya msimu uliopita, na mimea migonjwa ikiwa bado michanga, pamoja na viazi vyake.

Kisu na mikono havienezi virusi hivi. Vidukari ndio wabebaji. Kidukari hufyonza mmea mgonjwa kwa muda mrefu, kisha hupita kama siku nzima au zaidi kabla hajaweza kuambukiza, na baada ya hapo hubeba virusi maisha yake yote. Ucheleweshaji huo unakupa nafasi: kiuatilifu kinachosambaa ndani ya mmea, kilichosajiliwa kwa viazi, humuua kabla hajaeneza ugonjwa shambani. (Kwa virusi Y, aina nyingine ya virusi vya viazi, mbinu hii husaidia kidogo tu, kwani huambukizwa kwa mchomo wa sekunde chache.) Kagua chini ya majani ya chini kila wiki, na badilisha makundi ya dawa, kwani vidukari wa viazi wamekuwa sugu kwa pareto za viwandani mahali pengi, na dawa hizo huua pia wadudu wanaowala vidukari.

Hifadhi mbegu kwenye ghala lenye mwanga hafifu, ukizitandaza tabaka mbili au tatu. Vidukari huingia hata humo na kufyonza machipukizi, kwa hiyo funika madirisha kwa wavu laini na uyakague machipukizi hadi siku ya kupanda.