Jinsi ya Kupanga Safari ya Meli Kwenye Mlango-Bahari Mwembamba: Kwa Mabaharia Wanaotoka Ziwani Kigoma

Baharia aliyelelewa Kigoma huzoea maji yasiyo na shida ya kina. Ziwa Tanganyika linafika mita 1,470 penye kina kirefu kabisa, halina kupwa na kujaa kwa kuhesabu, na ukitoka bandarini kuelekea Kasanga unahofia kusi ikivuma, huhofii mwamba chini ya meli. Kijana wa namna hiyo akihamia meli kubwa za baharini, siku nahodha atakapomwambia apange safari ya kupita mlango-bahari, itabidi ajifunze kuogopa vitu vipya. Nachukua mfano wa Singapore, ambako kwenye mkondo wa Phillip njia inabana hadi karibu maili 1.5 za baharini, na meli zinapita usiku na mchana.

Jambo ninalosisitiza kuliko yote: maamuzi magumu yafanyike mezani, meli ikiwa bado mbali. Ukishaingia, huna nafasi ya kugeuza wala muda wa kufungua vitabu.

Hatua ya 1: Kusanya habari

Mkataba wa SOLAS (wa usalama wa maisha baharini), sura ya V, unataka safari ipangwe kabla ya kung'oa nanga, na azimio la IMO (shirika la kimataifa la usafiri wa bahari) la mwaka 1999, A.893(21), linataka mpango huo uanzie gatini hadi gatini. Hakikisha ramani zimesahihishwa kwa matangazo ya karibuni. Chukua jedwali la maji na la mikondo, pamoja na kanuni za mahali penyewe. Kisha shuka kwa injinia, usimpigie simu tu, umuulize hali ya injini na usukani. Soma pia kwa macho yako meli inakula maji kiasi gani omo (mbele) na tezi (nyuma).

Hatua ya 2: Hesabu maji chini ya mkuku (uti wa chini wa meli)

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Meli ikienda mbio hudidimia. Kwenye maji mapana kadiria hivi: chukua mwendo kwa noti (maili za baharini kwa saa), uuzidishe kwa mwendo huohuo, kisha kwa namba ya umbo la meli (block coefficient), ugawe kwa 100, upate mita. Meli ya mafuta iliyojaa ina umbo la karibu 0.8. Kwa noti 12 itadidimia mita 1.15, kwa noti 8, mita 0.51. Maji yakibanwa pande zote, jibu hilo liongeze mara mbili.

Sasa tuseme meli inakula maji mita 16.5. Kanuni za milango-bahari ya Malacca na Singapore zinataka meli kubwa za aina hii zibaki na mita 3.5 chini ya mkuku muda wote. Jumlisha: 16.5 na 1.15 na 3.5 ni mita 21.15. Ikiwa ramani inaonyesha mita 20.6 mahali fulani, unahitaji maji yajae angalau mita 0.55 ndipo upite kwa noti 12. Kwa noti 8 unahitaji mita 20.51, unabakiwa na sentimita tisa. Mimi sipiti kwa sentimita tisa. Nasubiri maji yajae, na saa hiyo ya maji ndiyo inayoamua saa ya kuingia, hata kama ofisi inasukuma.

Hatua ya 3: Chora njia

Anza na mahali pasipoendeka: zungushia rangi kila kina kisichokutosha. Baada ya hapo ndipo uchore mstari wako ndani ya njia ya kulia inayofuata uelekeo wako. Kanuni ya 10 ya kuzuia migongano ya mwaka 1972 inakutaka uingie kwenye njia kwa pembe ndogo, na anayelazimika kuikata aikate kwa pembe ya mraba kadiri inavyowezekana.

Kila kona, weka alama ya pale usukani unapoanza kuzungushwa, maana meli ndefu haigeuki palepale. Weka na alama ya mwisho wa kughairi. Andika kando yake: injini ikizima kabla ya hapa, tunatia nanga wapi, ikizima baada ya hapa, tunafanya nini.

Hatua ya 4: Mstari sambamba kwenye rada

GPS inaweza kudanganya. Chagua kitu kisichohama, kwa mfano kisiwa cha mnara wa taa wa Raffles, uliopo tangu 1855. Kwenye rada chora mstari sambamba na njia yako, kwa umbali uliopanga kukipita. Kisiwa kikiteleza juu ya mstari, uko sawa. Kikianza kuuacha, mkondo unakusukuma, nawe utauona kabla ya kuufikia mwamba.

Hatua ya 5: Watu na redio

Meli ya tani 300 na zaidi, au mita 50 na zaidi, lazima itoe taarifa kwa STRAITREP, mfumo wa taarifa za meli wa milango-bahari hiyo. Upande wa Singapore, ukielekea mashariki, andika chaneli za redio ya VHF: 73, kisha 14, kisha 10, kila moja penye mpaka wake kwenye ramani. Ongeza mtazamaji, mmoja awe tezi usiku kwa sababu ya wezi, na nanga ziwe tayari.

Usiku, meli inayokata njia huwasha taa tatu za kijani zilizopangana wima. Hapa mtoto wa Ujiji ana faida yake. Aliyezoea kupita katikati ya taa za wavuvi wa dagaa anajua kwamba taa ya kuogopa ni ile isiyobadilisha pembe huku ikikaribia. Tumia jicho hilohilo, kisha uthibitishe kwa dira.

Hatua ya 6: Kupita

Nahodha akishatia sahihi, kaeni wote muupitie mpango, pamoja na anayeshika usukani. Njiani linganisha kila alama na saa uliyoipanga. Usiongeze mwendo kwa kuuona mnara wa taa wa Horsburgh tu. Subiri hadi alama uliyoiandika, na injinia umpe taarifa saa moja kabla.