Mashine ya ngoma ya bei nafuu: kuiwekea jeki, kuibadilisha sauti, na kuikinga na chumvi ya Lamu

Mashine ndogo yenye spika ndani yatosha kwa mazoezi chumbani. Ukiipeleka harusini mtaa wa Langoni ukaiwekea maikrofoni mbele, miksa itapokea mkwaruzo mtupu. Itie jeki ya mono ya 6.35 mm, yaani tundu la kuchomekea waya wa kwenda miksani. Fanya kazi yote kwa betri. Usiunganishe adapta kifuniko kikiwa wazi.

Usichukue sauti kwenye nyaya za spika kabla ya kupima. Weka mita kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye hasi ya betri, nyekundu kwenye kila mguu wa spika. Miguu yote miwili ikionyesha karibu nusu ya volti za betri, hakuna ulio ardhi (yaani uliounganishwa na hasi ya betri), na jeki ya kwenda kwenye miksa itapiga shoti amplifaya.

Njia safi ni kuichukua sauti kabla ya amplifaya. Kitufe cha voliumu cha kuzungusha kina miguu mitatu: mmoja ardhi, wa kati unakwenda kwenye amplifaya, wa tatu unaleta sauti. Kwenye huo wa tatu unga kapasita ya 1 µF, kisha rizista ya 1 kΩ, kisha ncha ya jeki. Mwili wa jeki uende ardhini. Kapasita huzuia DC isiingie miksani. Kama ni ya elektroliti, chanya ielekee kwenye bodi. Kuanzia hapo voliumu ya mashine haigusi jeki, utatumia ya miksa. Ikivuma, badilisha nyaya za ndani kwa waya uliozungukwa na wavu wa chuma.

Sasa sauti yenyewe. Karibu na tone jeusi la gundi linalofunika chipu, mara nyingi kuna rizista ya saa, ile inayopanga kasi ya chipu, kwa kawaida kati ya 100 na 300 kΩ. Gusa miguu yake kwa kidole kilicholowa: mdundo ukibadilika, ndiyo hiyo. Ing'oe, weka rizista ya 47 kΩ ikifuatana na potenshometa ya 1 MΩ. Ukipunguza ukinzani, ngoma hupanda na kwenda mbio. Ukiongeza, huwa nzito na polepole. Kasi na sauti hubadilika pamoja, hilo haliepukiki. Usiiache ile ya 47 kΩ: bila yake saa hukimbia mno, chipu huganda, na huna budi kutoa betri ndipo iamke. Ikiganda hata hivyo, weka ya 100 kΩ.

Hapa pwani sehemu hiyo ndiyo dhaifu kuliko zote. Kwa ukinzani mkubwa hivyo, masazo ya solda yaliyonyonya unyevu wa chumvi hupitisha umeme kidogo, na ngoma huanza kupanda na kushuka yenyewe. Sugua viungo kwa mswaki na spiriti ya aisopropili, acha vikauke kabisa, kisha vipake rangi ya kucha isiyo na rangi. Isiingie ndani ya potenshometa, wala jeki, wala chini ya vitufe vya mpira.